Kikombe cha Nani?

Kuna sentensi ambayo ningependa ipigwe marufuku katika mapishi yote yanayoandikwa kwa Kiswahili: "Unga wa ngano vikombe vitatu." Haina kosa la sarufi. Inasomeka vizuri, inasikika ya kirafiki, kama vile mwandishi amekukaribisha jikoni kwake, na labda ndiyo maana imeenea kila mahali: kwenye video za sekunde sitini, kwenye makundi ya WhatsApp ya waokaji wa keki, kwenye vitabu vyenye picha za kutamanisha. Tatizo ni kwamba haimwambii msomaji chochote. Iulize maswali mawili tu, kikombe cha nani na kimejazwaje, uone kama ina jibu.

Fungua kabati la vyombo la nyumba yoyote ya Dar es Salaam au Mombasa. Kuna vikombe vya udongo vya wageni, vidogo, vyenye visahani vyake. Kuna kikombe kikubwa cha bati ambacho ni cha baba na hakiguswi. Kuna cha plastiki kilichokuja bure na sabuni. Kuna bilauri, ambayo tukiwa na haraka nayo tunaihesabu kuwa kikombe. Kikubwa kati ya hivi kinaweza kubeba mara mbili ya kidogo. Mpishi anayeanza, aliyeambiwa vikombe vitatu, atachukua kilicho karibu na mkono. Keki ikitoka ngumu kama tofali atajilaumu mwenyewe, aseme hana mkono wa kuoka, na mwandishi wa mapishi ataendelea kupokea mioyo na pongezi.

Tuseme basi mwandishi ana maana ya kikombe maalumu cha kupimia. Bado hatujafika. Kikombe cha kupimia cha Marekani ni kama mililita 237, ingawa kwenye lebo za vyakula sheria yao inakihesabu kuwa 240. Cha Australia ni mililita 250. Cha Japani ni 200. Na kile kikombe cha plastiki kinachokuja ndani ya jiko la umeme la kupikia wali, ambacho wengi wetu tunacho na tunakitumia kupimia kila kitu, ni mililita 180, kipimo cha kale cha Wajapani cha kupimia mchele. Vijiko navyo si vya kuaminiwa: kijiko cha mezani cha Marekani ni mililita 15, cha Australia ni 20. Mtu akitazama video ya mpishi wa Sydney, akafasiri vipimo vyake kwa jedwali la Marekani, kisha akapima kwa kikombe cha jiko la wali, sijui anatarajia kufika wapi.

Lakini ukubwa wa kikombe ndilo tatizo dogo. Tatizo kubwa ni unga wenyewe.

Maji hayana ubishi. Mililita 100 za maji ni gramu 100, uyamimine taratibu au kwa fujo. Sukari ya chembechembe nayo ni tulivu kiasi. Kikombe cha Marekani hubeba kama gramu 200 za sukari, na mkono wa mpimaji haubadilishi sana hesabu hiyo. Unga ni kiumbe kingine kabisa. Ni vumbi lenye hewa katikati yake, na hewa hiyo huingia na kutoka kila unapouguza. Tumbukiza kikombe moja kwa moja kwenye mfuko uliokaa wiki mbili umelaliwa na mfuko wa mchele, ukandamize unga kwenye ukuta wa mfuko jinsi tunavyofanya wote, na utapata gramu 150 au zaidi. Chekecha kwanza, jaza kwa kijiko, sawazisha kwa mgongo wa kisu bila kutikisa, na kikombe kilekile kitabeba gramu 120, pengine pungufu. Kwa vikombe vitatu tofauti imeshafika gramu 90. Hiyo ni robo tatu ya kikombe kizima, imeingia kwenye bakuli bila mtu kuiona, na mapishi yamefuatwa neno kwa neno.

Ongeza hapo ubovu wa uandishi. "Vikombe viwili vya unga uliochekechwa" na "vikombe viwili vya unga, uuchekeche" ni maagizo mawili tofauti. La kwanza linataka uchekeche ndipo upime, la pili upime ndipo uchekeche, na uzito hautakuwa sawa. Ni waandishi wangapi wanajua kwamba mahali pa neno hilo moja panabadilisha keki? Kwa anayepima kwa gramu swali hilo halipo. Gramu 250 za unga ni gramu 250 kabla ya chekecheo na baada yake.

Ndiyo maana jedwali la kubadilisha vipimo, lile linalobandikwa kila mahali kama Amri Kumi, naliona kuwa uongo wenye adabu. Linasema kikombe kimoja cha unga ni gramu 125, kwa sauti ileile ambayo fizikia inasema maji huchemka nyuzi 100. Ukichungulia majedwali ya Wamarekani wenyewe utakuta moja linasema 120, jingine 125, jingine 142, na yote yametoka kwa watu makini waliopima kweli. Kila mmoja alipima mkono wake. Jedwali linauchukua mkono wa mtu fulani, jikoni fulani, kwenye unga fulani, linaufanya kuwa namba, halafu sisi tunaichukua namba hiyo na kuipachika juu ya unga wetu. Na tazama linachokosa: majedwali tunayonakili yana unga wa lozi, ambao wengi wetu hatujawahi kuushika, lakini unga wa muhogo haumo, dona haimo, ulezi haumo, nazi iliyokunwa na mashine ya sokoni haimo. Tumetafsiri jedwali bila kupima hata kitu kimoja.

Juu ya balaa hili la kuagiza tumeongeza letu la kienyeji. Utasikia likisemwa kwa uhakika kabisa: "Kikombe ni robo kilo." Asili yake inaeleweka. Kikombe cha mililita 250 cha maji kweli ni robo kilo. Lakini anayeamini hivyo anaendelea mbele na kusema kilo ya unga ni vikombe vinne, na kilo ya sukari ni vikombe vinne, na kilo ya chochote ni vikombe vinne. Kwa kikombe cha Marekani, kilo ya unga ni kama vikombe vinane. Kilo ya sukari ni vitano.

Fuatilia kosa hilo mpaka ndani ya bakuli. Mapishi yanasema unga nusu kilo, sukari robo kilo. Mpishi wetu, ambaye hana mizani ila ana kanuni ya robo, anaweka vikombe viwili vya unga na kikombe kimoja cha sukari. Anadhani amelinda uwiano wa mbili kwa moja. Kwa kweli ameweka gramu 250 za unga na gramu 200 za sukari. Uwiano umekuwa tano kwa nne. Keki itapanda kwa madaha, itazama katikati, itanata kwenye kisu, na watu watamwambia amefungua oveni mapema. Laiti kosa lingekuwa sawa kwa vitu vyote, angepata tu keki ndogo, nzuri. Kosa la ujazo haliko hivyo. Linakipiga kila kiungo kivyake.

Yapo makosa mengine ya tafsiri ambayo yangechekesha kama mayai yangekuwa bure. Wamarekani wana aunsi mbili zenye jina moja. Aunsi ya uzito ni gramu 28 na ushei. Aunsi ya ujazo ni mililita karibu 30. Kwa maji zinakaribiana, kwa hiyo mtafsiri halioni shimo. Lakini unga wa aunsi 8 za uzito ni gramu 227, na unga uliojaa kikombe cha aunsi 8 za ujazo ni kama gramu 125. Kisha kuna siagi, ambayo kwao huuzwa katika mapande marefu ya gramu 113, na mapishi yao huhesabu mapande. Kwenye Kiswahili hugeuka "kijiti kimoja cha siagi", na msomaji wa Morogoro anabaki na kopo lake la majarini akitafuta kijiti. Chumvi: wapishi wengi wa Marekani hutumia chumvi ya chembe kubwa, nyepesi, ambayo kijiko chake kinaweza kuwa nusu ya uzito wa kijiko cha chumvi yetu laini ya mezani. Fuata vijiko vyao kwa uaminifu na utapata mchuzi wa maji ya bahari. Hamira: pakiti yao ndogo ni gramu 7, ilhali pakiti ndogo nyingi zinazouzwa madukani kwetu ni za gramu 11. "Pakiti moja ya hamira" ni maneno manne yaliyo sahihi na mkate uliofura kupita kiasi.

Sina ugomvi na kikombe cha Marekani kikiwa kwao. Mwaka 1896 Fannie Farmer, mkuu wa shule ya upishi ya Boston, alichapisha kitabu cha mapishi kilichosisitiza vikombe na vijiko vilivyosawazishwa, badala ya lugha ya wakati ule ya "siagi ukubwa wa yai". Yalikuwa mapinduzi. Msomaji wake angeweza kununua kikombe kilekile, unga unaofanana, na kusawazisha kwa kisu kilekile. Alichofanya ni kuwapa watu wa nchi yake chombo kimoja cha pamoja. Sisi tumechukua namba tukaacha chombo.

Sasa nawasikia wanaosema: bibi zetu walipika bila mizani wala jedwali, na chakula chao hatujakifikia. Hoja hii hutolewa kwa macho ya machozi kidogo, na mara nyingi na mtu ambaye hajawahi kumtazama bibi akipima. Bibi alipima. Alikuwa na kibaba chake, kopo moja lililochakaa ambalo halikuwahi kuazimwa, na kila kitu ndani ya nyumba kilihesabiwa kwa hilo. Mchele kibaba, maji vibaba viwili kasoro, kwa sababu mchele huo ulitoka shamba fulani na alijua unakunywa kiasi gani. Alikuwa na chombo kimoja, unga wa kinu kimoja, na miaka arobaini ya kusahihisha kwa vidole. Kitu ambacho hakukifanya hata siku moja ni kubadilisha ujazo kuwa uzito kwa namba ya mtu mwingine. Mapishi yake hayakusafiri. Mwali alijifunza akiwa amesimama pembeni yake, na alipoolewa alichukua ujuzi wa macho, kisha akaanza upya kulizoea kopo la nyumba mpya. Ukitaka kuyasafirisha mapishi hayo hadi kwa msomaji usiyemjua wa Kigoma au Muscat, kibaba cha bibi hakiwezi kwenda nayo. "Kiasi" cha bibi kilikuwa elimu. "Kiasi" kwenye video yako ni uvivu.

Wapo pia wa upande wa pili, wanaomwona bibi na kopo lake kuwa ushamba uliotangulia sayansi. Hawa nao hawajui wanachokidharau. Vibaba viwili ni kisaga. Visaga viwili, yaani vibaba vinne, ni pishi. Huo ni mfumo kamili, wenye ngazi zinazogawanyika kwa mbili bila mabaki, uliotumika pwani yote kwa biashara, kwa posho na kwa ibada. Siku hizi tunaimba haba na haba hujaza kibaba bila kujua kibaba kinashika kiasi gani.

Na kwenye ibada ndiko nilikokuta watu waliolifikiria suala hili kwa makini kuliko waandishi wote wa mapishi ninaowajua. Kila mwisho wa Ramadhani Waislamu hutoa zaka ya fitri, ambayo asili yake ni swaa moja ya chakula kwa kila mtu wa nyumba, na watu wa pwani huiita pishi. Swaa ni ujazo: mudi nne, na mudi ni kile kinachoshikwa na viganja viwili vya mtu wa wastani vikikusanywa pamoja. Sasa mtu amesimama dukani na anataka kununua mchele kwa kilo. Pishi ni kilo ngapi? Utasikia mbili na robo, mbili na nusu, tatu. Vijana hucheka kwamba masheikh hawaelewani. Hakuna cha kuchekesha. Ujazo mmoja wa tende, wa shayiri na wa mchele hauwezi kuwa na uzito mmoja, na viganja havilingani. Namba ilikuwa lazima itofautiane. Cha kutazama ni kile watu hufanya wakishaona hakuna namba moja: wengi huchagua ile kubwa, ili shaka ikitokea, imfae anayepokea. Wamekiri kwamba kubadilisha ujazo kuwa uzito kunaacha pengo, wakaamua mapema pengo hilo liwe la nani.

Hilo ndilo swali ambalo jedwali la jikoni halikuulizi, na sokoni kila mtu anajua jibu lake. Kenya mahindi na maharage huuzwa kwa gorogoro, kopo ambalo zamani lilikuwa na mafuta ya kupikia ya kilo mbili. Kaskazini mwa Tanzania utakuta sado, kopo la rangi lililostaafu. Watu husema gorogoro ni kilo mbili, kwa sababu ndivyo kopo lilivyoandikwa. Fanya hesabu. Mafuta ya kupikia ni mepesi kidogo kuliko maji, kama gramu 900 kwa lita, kwa hiyo kilo mbili zake zinahitaji kopo la lita 2.2 hivi. Mahindi makavu ni kama gramu 720 kwa lita, kwa kuwa katikati ya punje na punje kuna hewa. Kopo hilo likijaa mahindi hadi mdomoni, likasawazishwa, linashika kilo 1.6 hivi. Lile lundo linaloachwa juu ya mdomo, ambalo mnunuzi huliombea na muuzaji hulipa kwa kusitasita, ndilo linalotafuta zile gramu 400 zilizobaki. Kitako cha kopo kikibonyezwa ndani, zinapotea tena. Mama aliyepanga mahindi ya gorogoro kumi yamfikishe mwisho wa mwezi amepanga kwa kilo ishirini na amerudi na kumi na sita.

Na mkulima naye anapigwa kutoka upande mwingine. Kwake pengo linaitwa lumbesa, gunia lililoshonewa kofia juu, linalolipwa kama gunia moja. Wakala wa Vipimo wamelipiga vita kwa miaka. Tunalaani lumbesa, na tuna haki. Kisha tunaingia jikoni na kuandika "unga vikombe vitatu" bila kusema kama vimeshonewa kofia.

Anayelipa jikoni ni nani? Si mimi wala wewe tunaooka Jumapili kwa kujifurahisha. Kwetu keki mbovu ni hadithi ya kuchekesha. Anayelipa ni dada aliyeanza biashara ya keki kwa trei mbili za mayai na oveni ya kukopa, akajifunzia kila kitu kwenye simu. Mteja anamwambia nataka keki ya kilo moja. Neno hilo lenyewe ni mtego. Mwokaji mmoja ana maana ya keki ambayo ukiipandisha kwenye mizani inasoma kilo. Mwingine ana maana ya keki iliyokula kilo moja ya unga, na hiyo, ukijumlisha sukari, siagi na mayai, itapita kilo mbili bila shida. Wa tatu amepima "kilo" yake kwa vikombe vinne, ametumia nusu kilo ya unga, na haelewi kwa nini keki zake hulalamikiwa kuwa ndogo. Wote watatu wanatangaza bei ya "keki ya kilo" na wanashangaana.

Au mchukue muuza maandazi. Ananunua mfuko wa unga wa kilo 25. Ameambiwa kikombe ni gramu 125, kwa hiyo anajua mfuko una vikombe 200 na amepanga bei yake juu ya hesabu hiyo. Lakini anachota kwa kukandamiza, na mkono wake ni wa gramu 150. Mfuko unaisha kwenye kikombe cha 166. Vikombe zaidi ya thelathini havijulikani vilipo. Atamshuku msaidizi wake. Atashuku panya. Nina hakika wapo walioshuku chuma ulete, na wakatumia pesa nyingine kuitafutia dawa. Mizani ndogo ya jikoni ingemwonyesha mwizi kwa dakika moja: ni kikombe.

Najua nitakachojibiwa. Mizani ni ghali. Mizani ndogo ya kidijitali inauzwa kwa bei iliyo chini ya keki moja ya sherehe, inatumia betri, na huko mtaani tayari tunaishi na mizani: mwenye duka anapima sukari robo, unga nusu, na tunamkazia macho mshale usimame. Tunanunua kwa uzito. Ni ajabu kubwa kwamba kitu kimetoka dukani kikiwa kimepimwa gramu kwa gramu, kimetembea hatua hamsini hadi jikoni, na hapo tunakitupa kwenye kikombe na kuanza kubahatisha kilikuwa na uzito gani. Asiye na mizani bado anaweza kununua nusu kilo iliyopimwa na kuitumia yote. Mapishi ya Kiswahili yangeandikwa kwa robo, nusu na kilo, yangemhudumia yeye vizuri kuliko kikombe chochote cha Boston.

Jibu la pili ni kwamba namba zinaua sanaa. Hili linasemwa na watu ambao mwongozo wao wa keki una joto la oveni na dakika za kuoka. Namba hizo hazijaua kitu.

Sisemi kila kitu kipimwe kwa gramu. Wali wa kila siku usiuguse. Kikombe cha mchele kwa vikombe viwili vya maji, au kimoja na nusu kama mchele ni mpya, ni uwiano ndani ya chombo kimoja, na uwiano haujali chombo ni cha ukubwa gani mradi usikibadilishe katikati. Hapo ujazo umeshinda kihalali. Vivyo hivyo uji, vivyo hivyo maji ya ugali, ambayo hata hivyo yanaamuliwa na mwiko. Ila mwenye jiko la wali la umeme akumbuke kwamba mistari iliyochorwa ndani ya sufuria inakwenda na kile kikombe chake cha 180. Akipima mchele kwa kikombe cha 240, kisha akajaza maji hadi mstari, wali utatoka na kiini. Vimiminika pia viache kwenye mililita; tofauti yake ni ndogo na jagi la kupimia linatosha. Asali tu ndiyo yenye hila, kwa kuwa ni nzito kuliko maji karibu mara moja na nusu.

Lakini unga, sukari, siagi, hamira, chochote ambacho kitaingia kwenye oveni au kitaumuka, kiandikwe kwa gramu. Na kama lazima utaje kikombe, kitaje kwa mililita zake na useme umekijazaje. Mwenye mapishi ya zamani ya vikombe anayoyapenda asiyatafutie jedwali. Aweke kikombe chake juu ya mizani, akijaze maji, asome: hizo ndizo mililita zake. Akikaushe, akijaze unga jinsi anavyojaza siku zote, apime. Arudie mara tatu, achukue ya wastani, aandike nyuma ya mlango wa kabati. Afanye hivyo kwa unga wa muhogo na kwa dona pia, maana hakuna atakayemfanyia.

Ninachokidai kinaonekana hivi. Mahamri: unga wa ngano gramu 500, sukari gramu 90, hamira ya papo kwa papo gramu 7, iliki iliyosagwa gramu 2, chumvi gramu 3, tui zito la vuguvugu mililita 280. Changanya vikavu, mimina tui mililita 250 kwanza, kanda dakika kumi. Zile 30 zilizobaki ziongeze kijiko kimoja kimoja mpaka unga uache kushika bakuli lakini bado unashika kidole kidogo, kwa sababu matui hayalingani na unga wa mvua haunywi kama unga wa kiangazi. Funika, uache uumuke mpaka uwe mara mbili, kata, kaanga.